Namna ya Kutengeneza Jiko la Nyumba ya Zamani kwa Feza Kidogo

Wewe unayesoma karatasi hizi, zunguka nyumba yako polepole kama mugeni anayefika mara ya kwanza. Katika vijiji vingi vya upande wa Likasi, Kambove, Kipushi na Kolwezi, nyumba ya mbele inatunzwa, lakini jiko la nyuma limesahauliwa. Nyumba ina madirisha na mulango wa mbao; jiko lina tundu tu. Wageni wanaketi mbele, basi mbele kunapakwa rangi. Lakini fikiri: chakula cha watu wote wa nyumba kinatoka wapi? Muke wako anapitisha saa ngapi kila siku katika moshi ule? Mutoto anayebebwa mugongoni anavuta hewa gani?

Watu wengi wanasema: «Tutajenga jiko jipya tukipata feza.» Miaka inapita, feza haifiki, na ukuta unaendelea kuanguka. Tunataka kukuonyesha kwamba jiko la zamani linaweza kuwa jiko zuri pasipo kulibomoa lote, kwa udongo wa pori lako, kwa mikono yako, na kwa vitu vichache tu vya kununua.

1. Sababu ya kazi hii

Moshi si kitu cha kuzoea tu. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu kama milioni 3 na 200 elfu walikufa sababu ya moshi wa kupikia na wa kuwasha moto ndani ya nyumba. Katika hesabu hiyo, watoto wasiofikia miaka 5 walipita 237,000. Moshi unaharibu mapafu ya mutoto, na homa ya mapafu inamushika upesi. Kwa mutu mukubwa unaleta kikohozi kisichopona, ugonjwa wa moyo na macho kufifia. Muke anayepika ndiye anavuta moshi mwingi kupita wote, na mutoto aliye mugongoni anauvuta pamoja naye.

Sababu ya pili ni kuni na makala. Moto wa mafiga matatu unapeleka joto pande zote, na sehemu ndogo tu inafika chini ya chungu. Basi unakata miti mingi, ao unanunua makala mengi. Na makala nayo inakula pori: katika tanuru ya udongo, kilo 10 za miti zinatoa kilo 1 ao 2 tu za makala. Muzee yeyote wa kijiji atakuambia miti ilikuwa karibu namna gani zamani, na leo wanawake wanatembea mbali namna gani.

Sababu ya tatu ni moto wenyewe. Katika jiko la zamani mafiga yako chini, katikati, na watoto wanacheza kando. Chungu cha maji ya moto kikipinduka, mutoto anaungua. Meko mazuri yanashika chungu kisipinduke.

2. Tazama kwanza, bomoa baadaye

Usianze na jembe. Anza na macho. Ingia jikoni asubuhi, nuru ikiwa nzuri, na ufanye hivi:

Sukuma kila ukuta kwa mabega. Ukuta unaotikisika hauna uzima tena. Ukuta unaosimama imara, hata kama una nyufa ndogo, usiuguse: nyufa zinajazwa.

Choma muguu wa ukuta kwa kisu, pande zote, ndani na inje. Kisu kikiingia kama katika unga, maji yamekula pale. Mara nyingi ukuta wa matofali mabichi unaugua muguuni tu, na juu bado ni mugumu.

Gonga miti ya paa kwa fimbo. Muti unaolia kama ngoma, ndani muchwa amekwisha kula. Utie alama ya makala, ubadilishwe.

Mwisho, ngoja mvua, ao mwaga ndoo mbili za maji nyuma ya jiko, uone maji yanakimbilia wapi. Yakikimbilia ukuta, umekwisha kujua adui yako.

Kisha ita muke wako, na mama yako kama yuko. Waulize: «Moshi unakwenda upande gani? Wapi kuna giza? Wapi mukono unachoka?» Bwana, usiamue peke yako juu ya jiko. Wewe unaingia pale kuchukua moto wa kuwasha tumbako. Yeye anafanya kazi pale kila siku. Fundi asiyeuliza mwenye kazi anajenga kitu ambacho hakuna mutu atakitumia.

Usisahau fuata hii: maji kwanza, moto wa pili, uzuri wa mwisho. Mutu anayepaka rangi ukuta unaonyeshewa na mvua anatupa feza yake.

3. Wakati wa kazi

Katika nchi yetu ya Katanga, mvua kubwa zinaanza mwezi wa 11 na kuisha katika mwezi wa 4. Basi kazi ya udongo ni ya wakati wa kiangazi. Mwezi wa 5 fyatua matofali, maana maji bado yako karibu na udongo bado ni laini. Mwezi wa 6 na wa 7 jenga na tengeneza meko. Mwezi wa 8 piga sakafu, paka kuta. Mwezi wa 9 kila kitu kimekauka, na mvua ya kwanza ikifika inakuta jiko tayari. Mutu anayeanza mwezi wa 10 anashindana na mawingu, na mawingu yatashinda.

4. Udongo muzuri, na vitu vya kukataa

Udongo muzuri kupita yote ni wa kichuguu. Katika Katanga vichuguu ni vikubwa sana; vingine vinapita urefu wa nyumba. Muchwa wamekwisha kuchagua udongo na kuusaga. Lakini peke yake unashika sana na kupasuka ukikauka. Uchanganye na muchanga wa mutoni.

Kiasi gani? Vichuguu havifanani, basi jaribu. Tengeneza matofali matatu madogo. La kwanza: kipimo 1 cha udongo na kipimo 1 cha muchanga. La pili: kipimo 1 na vipimo 2. La tatu: kipimo 1 na vipimo 3. Yaache kivulini siku saba. Lililopasuka lina udongo mwingi. Linalobomoka kwa kidole lina muchanga mwingi. Lisilopasuka wala kubomoka, ndilo kipimo chako. Kwa matofali ya ukuta ongeza majani makavu yaliyokatwa mafupi. Yanashika udongo kama mishipa inavyoshika nyama.

Sasa sikia neno la lazima kwa watu wanaokaa karibu na migodi. Si kila kitu cha bure ni kizuri kwa jiko.

Usichukue udongo ao muchanga wa shimo la mugodi, wala wa pahali wanaposafishia mawe ya shaba na kobalti, wala wa mutoni chini ya pahali pale. Katika Kolwezi, mwaka 2014, watu wa mutaa wa Kasulo walianza kuchimba kobalti kati ya nyumba zao, hata chini ya sakafu. Wenye elimu walikwenda kupima, na hesabu yao ilitolewa mwaka 2018: walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mukojo wa watu, na watoto ndio walikuwa nayo nyingi kupita. Vumbi haliogopi mulango. Sakafu ya jiko ni pahali mutoto anapotambaa na kutia vidole kinywani.

Usijenge meko kwa mawe meusi ya kiwanda. Ni takataka ya tanuru za kuyeyusha shaba, kama zile za Lubumbashi, ambazo shaba yake ya kwanza ilitoka mwaka 1911. Ndani ya mawe yale bado mna madini. Zaidi ya yote, usichukue jiwe lolote la Shinkolobwe, pahali palipotoka uranium iliyopelekwa Amerika wakati wa vita ya 1939–1945. Jiwe lile linadhuru pasipo harufu na pasipo joto.

Usiweke maji wala unga katika fusti ao mufuko uliotoka kiwandani. Fusti nyingi zilikuwa na asidi na dawa za kusafisha mawe. Hata ukiosha mara kumi, hujui kilichobaki.

Na kama katika nyumba kuna muchimbaji, nguo zake za kazi zisitundikwe jikoni. Azivue inje, azikung'ute mbali, zifuliwe peke yake. Anawe mikono na uso mbele ya kula.

5. Fukuza maji

Nyuma ya jiko chimba mutaro wa upana wa sentimeta 40 na kina cha sentimeta 30, ulio mbali na ukuta hatua moja nzima. Uelekeze chini, maji yafike kwa migomba ao kwa shamba la mboga. Udongo unaoutoa usiutupe: uupige kwa muguu wa ukuta, uwe muteremko mudogo unaotupa maji inje.

Pale kisu kilipoingia kama katika unga, toa udongo ulioharibika, lakini si wote kwa mara moja. Toa sehemu ya urefu wa sentimeta 60, jaza kwa mawe mazuri ao kwa matofali ya kuchoma, piga udongo katika nafasi zote, ngoja siku tatu. Kisha ruka sehemu moja, utengeneze ya mbele, na baadaye urudie ile uliyoruka. Namna hii ukuta haukosi kamwe kitu cha kusimamia. Mutu anayechimba muguu wote kwa siku moja ataangukiwa na ukuta. Na watoto wasikaribie wakati wa kazi hiyo.

Paa nalo litoke inje ya ukuta sentimeta 60 ao zaidi. Paa fupi ni kama kofia isiyofunika masikio.

6. Kuta na madirisha

Kama ukuta mumoja unatikisika, ubomoe huo tu. Shikiza kwanza paa kwa miti miwili imara, ndipo ubomoe. Hesabu matofali yako mbele ya kuanza. Tofali la urefu wa sentimeta 30, upana 15 na kimo 10, pamoja na udongo wa kuungia, linahitaji matofali 28 kwa kila meta moja ya ukuta kwa pande mbili. Ukuta wa urefu wa meta 4 na kimo cha meta 2 ni meta 8. Mara 28, ni matofali 224. Fyatua 250, maana mengine yatavunjika. Watu wawili wenye kibao kimoja cha kufyatulia wanamaliza kazi hiyo kwa siku chache. Yaache yakauke majuma matatu. Siku za kwanza yafunike kwa majani jua lisiyapasue, kisha yageuze.

Usichome matofali yote. Kuchoma kunakula kuni nyingi, nasi tunataka kuziokoa. Choma, ao nunua, yale tu ya muguu wa ukuta na ya bomba la moshi. Katikati ya ukuta, tofali bichi lililofunikwa na paa zuri linadumu miaka mingi.

Jiko lenye tundu moja halipumui. Hewa lazima iingie upande mumoja na kutoka upande mwingine. Toboa dirisha upande unaotoka upepo, na karibu na paa, katika kuta mbili zinazotazamana, acha nafasi za matofali wazi, tano ao sita kila upande. Moshi na joto vinapanda. Wakikuta mulango juu vinatoka vyenyewe. Juu ya dirisha weka muti mugumu usioliwa na muchwa, uingie katika ukuta sentimeta 20 kila upande. Pasipo huo, matofali ya juu yatashuka.

7. Meko

Haya ndiyo moyo wa kazi. Chagua kona iliyo mbali na mulango na isiyopigwa na upepo. Kwanza jenga kiti cha meko kwa mawe na udongo. Kimo chake ni cha mpishi kusema. Meko marefu yanapendeza macho, lakini bukari inapigwa kwa nguvu ya mabega, na mukono ulio juu hauna nguvu. Weka chungu juu ya matofali machache, muke wako ashike mwiko na apige kama kila siku. Ongeza ao punguza tofali mpaka aseme: «Hapa.» Kwa wengi, kinywa cha chungu kinakuwa chini kidogo ya kiuno.

Juu ya kiti piga udongo uliochanganywa kwa kipimo ulichojaribu, urefu kama sentimeta 115, upana 60, kimo 35. Udongo uwe mugumu, usilowe sana. Upige kwa muti tabaka kwa tabaka. Ngoja siku mbili ao tatu mpaka ukate kwa kisu kama sabuni.

Sasa kata. Mbele, fungua mulango wa kuni wenye upana wa sentimeta 15 na kimo 15, usio mukubwa zaidi: mulango mukubwa unaingiza hewa baridi na kukuvuta utie kuni nyingi. Juu, kata tundu la chungu kikubwa, sawasawa na chungu chenyewe, kiingie kwa sentimeta 8 na kufunga tundu lote. Chungu kilichoketi hivyo hakipinduki ukipiga bukari. Kati ya sakafu ya moto na chini ya chungu acha kama sentimeta 17. Nyuma yake kata tundu la pili la chungu kidogo cha sombe ao maharagwe. Chini ya chungu hiki cha pili acha sentimeta 5 tu, ili muali uguse chungu mbele ya kukimbia. Unganisha matundu mawili kwa njia ya sentimeta 10, na kutoka tundu la pili kata njia kama hiyo mpaka bomba la moshi. Pande zote, kuta za meko zisipungue sentimeta 15.

Kwa njia hii kuni moja inapika vyungu viwili: joto ambalo zamani lilikwenda kwa paa, sasa linachemsha mboga. Kama unapika chungu kimoja tu, funika tundu la pili kwa kifuniko ao kwa jiwe bapa.

Usiwashe moto upesi. Acha meko yakauke majuma matatu. Kisha washa moto mudogo wa majani na vijiti, kila siku kwa muda mufupi, juma moja. Nyufa ndogo zitatokea; zijaze kwa udongo ule ule. Mutu anayewasha moto mukubwa siku ya kwanza atapasua kazi ya mwezi.

Na kuni ziwe kavu. Kuni mbichi zinatoa moshi katika meko yoyote, hata ya Muzungu. Pasua kuni nyembamba, zipange chini ya paa inje, zikae miezi miwili.

8. Bomba la moshi, na mbabula

Kama paa la jiko ni la mabati, jenga bomba kwa matofali ya kuchoma, tundu la ndani lenye upana wa sentimeta 12. Lipite paa na kusimama juu ya kilele sentimeta 60. Miti ya paa isikaribie bomba. Acha sentimeta 30. Pahali bomba linapopita katika bati, ziba kwa kipande cha bati na chokaa, mvua isiingie. Juu kabisa weka matofali manne na jiwe bapa kama kofia. Chini, acha tofali moja lisiloungwa: kila mwezi litoe, kwangua masizi kwa fimbo yenye majani. Bomba lililojaa masizi linarudisha moshi ndani, na masizi yenyewe yanaweza kushika moto.

Kama paa ni la majani, usipitishe bomba ndani yake. Cheche moja ya mwezi wa 9 itakula jiko na nyumba pia. Acha meko pasipo bomba kwanza: ziba njia ya mwisho, funika tundu la pili, utie nafasi nyingi za hewa karibu na paa, na utumie kuni kavu. Halafu weka feza kidogo kidogo, ununue mabati ya upande wa meko tu. Bomba litafuata.

Neno moja juu ya mbabula ya makala. Watu wanasema makala haina moshi, basi haina zarau kwa mutu. Si kweli. Makala inatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, mutu anaingiza mbabula chumbani, anafunga mulango, analala. Na asubuhi watu wa nyumba hawaamuki. Mbabula ikae inje ao katika jiko lililo wazi. Usilale nayo kamwe, hata kama makala imekuwa majivu juu.

9. Sakafu na vyombo

Sakafu ya jiko iwe juu kuliko inje sentimeta 15, tena iteremke kidogo kuelekea mulango. Toa vumbi lote la zamani. Mwaga udongo wa kichuguu na muchanga, unyunyize maji, piga kwa muti mupana siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni. Mwisho paka maji mazito ya udongo na majivu, sugua kwa jiwe laini la mutoni mpaka king'ae. Mbele ya kufagia nyunyiza maji, vumbi lisiruke katika chakula.

Simenti ni ya bei kali. Iweke pale maji yanapomwagika tu: chini ya mutungi na pahali pa kuosha vyombo. Ndoo 1 ya simenti kwa ndoo 4 za muchanga inatosha. Mufuko mumoja unamaliza kazi hiyo, na inabaki ya kutengeneza kizingiti.

Inje, upande wa jua, simika miti minne na utandaze matete juu: hapo vyombo vinakauka, na kuku na mbwa hawavifikii. Ndani, ukutani, tengeneza kibao cha vyungu na kimoja cha chumvi na unga. Mutungi wa maji ya kunywa uwe na kifuniko na kata yenye mukono murefu, mutu asitie vidole. Kisha paka kuta za ndani kwa udongo mweupe ao chokaa. Si kwa uzuri tu: ukuta mweupe unaleta nuru, na mende haupendi. Ukitumia chokaa, linda macho yako na watoto wawe mbali.

10. Usisahau mbegu

Mutu mwenye akili atauliza: «Zamani moshi ulilinda mahindi yangu ya mbegu juu ya moto, na kulinda majani ya paa. Sasa moshi unatoka; wadudu hawataingia?» Swali hili ni la kweli, na wengi wanarudia mafiga ya zamani sababu yake. Jibu ni hili. Mahindi ya mbegu uyakaushe sana juani, mpaka punje likitafunwa livunjike kwa sauti. Pukusa, changanya na majivu makavu yaliyochungwa, tia katika chungu ao chupa kubwa, jaza mpaka juu, funga vizuri kwa kifuniko na udongo. Hewa isipoingia, mududu hawezi kuishi. Na paa la majani litazamwe kila mwaka mbele ya mvua, maana sasa halina moshi wa kufukuza muchwa.

11. Feza

Panga vitu vyako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya mikono: udongo, matofali mabichi, meko, sakafu, mutaro. Havina bei, vinataka nguvu na kiangazi. Fungu la pili ni vya kutafuta: mawe ya mutoni, matete, miti migumu, mulango wa zamani. Fungu la tatu ndilo la kununua: mufuko mumoja wa simenti, chokaa, misumari, bawaba mbili, matofali ya kuchoma ya bomba, na mabati machache.

Usinunue vyote kwa siku moja. Mwaka wa kwanza fanya maji, madirisha, meko na sakafu. Karibu feza haihitajiki. Mwaka wa pili nunua mabati na ujenge bomba. Mwaka wa tatu simenti na chokaa. Kama mukiwa nyumba tano ao sita, fanyeni likelemba: kila mwezi kila nyumba inatoa kiasi kimoja, na nyumba moja inapokea yote. Na mikono iende vivyo hivyo: leo wote wanapiga meko kwa mumoja, juma lingine kwa mwingine. Usimukope mutu feza ya jiko kwa faida kubwa. Jiko linaweza kungoja, deni halingoji.

Kila juma hesabu kuni ao makala unayotumia, mbele ya kazi na nyuma yake. Funga kuni za siku moja kwa kamba, uone zinabaki ngapi jioni. Hesabu hii ndiyo itakuonyesha kama meko yako yamekatwa vizuri. Kama kuni hazikupungua, tazama: mulango ni mukubwa? Chungu hakifungi tundu? Njia ya moshi ni pana kupita kiasi? Tengeneza pale, udongo unakubali kukatwa na kujazwa tena.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwezi wa 5 ukifika, kama una jembe, kibao cha kufyatulia na kichuguu karibu, anza na mutaro wa nyuma ya jiko. Ni kazi ya siku mbili, na ukuta wako utaona mvua nyingine umesimama.